Nyumba na Akiba: Deni la Kodi Halihami na Mwenye Nyumba

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya akiba ya jikoni, karo za watoto na matunzo ya nyumba. Leo twaingia katika jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mawakili na makarani peke yao, nalo ni deni la kodi ya nyumba na kiwanja.

Nimeona yafaa tulizungumze kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba askari wetu wengi sasa ni wenye nyumba. Tangu Desemba 2007, vikosi vya kwanza vya Burundi vilipokwenda Somalia, hadi ujumbe wa Umoja wa Afrika ulioitwa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2024, maelfu ya wapiganaji walipokea posho ya safari, na wengi wao waliigeuza posho hiyo kuwa matofali, mabati na saruji. Hapana shaka kwamba huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini nyumba si ng'ombe wa kuchinjwa siku moja. Ni mali inayodai kutunzwa mwaka hata mwaka, na kodi ni sehemu ya matunzo yake.

Sababu ya pili ni habari zinazowafikia watu kwa simu na kwa jamaa walioko ng'ambo, kwamba huko Marekani mtu aweza kununua madeni ya kodi ya wenye nyumba, akapata faida kubwa au hata nyumba yenyewe kwa bei ya kutupa. Mstaafu mwenye akiba ya dola chache husikia hayo akatamani. Basi na tuyapime mambo haya kwa utulivu, kwani akiba ya mtu aliyeipata kwa jasho na hatari haistahili kupotezwa kwa kutojua.

KODI HUSHIKA ARDHI

Mtu akimkopa mwenziwe fedha kisha akahama mji, deni huhama naye. Kodi ya nyumba haiendi hivyo. Mwenye nyumba aweza kuhama, kuuza, kuugua au kufariki. Nyumba hubaki mahali pake, na deni hubaki limeiegemea. Ndiyo sababu serikali za kila zama zimependa kodi ya namna hii. Wajerumani walipoamuru kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki yao mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba, walijua kwamba mtu aweza kujificha porini, lakini nyumba haijifichi.

Siku hizi sheria za nchi nyingi hulisema jambo hili waziwazi. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaihesabu kodi ya ardhi isiyolipwa miongoni mwa mizigo inayoifuata ardhi hata kama mzigo huo haukuandikwa katika daftari la msajili. Maana yake ni nini? Mtu aweza kuisoma hati ya kiwanja mstari kwa mstari, akaiona safi kama maji ya chemchemi, na bado akawa amenunua deni la mwenzake.

Tanzania nao wana njia yao. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Asiyelipa hukosa taa, kwa hiyo deni halipati nafasi ya kulundikana. Lakini kodi ya pango la ardhi ni jambo jingine: chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kutolipa pango ni kuvunja sharti la milki, na kosa hilo laweza kumfikisha mtu mahali pa kufutiwa haki yake ya ardhi.

KWETU BURUNDI

Hapa kwetu kodi ya majumba na viwanja iliwekewa msingi na sheria ya tarehe 17 Februari 1964, na kanuni zake zimefanyiwa marekebisho tangu hapo. Kwa desturi kodi hiyo hupimwa kwa ukubwa wa jengo na wa kiwanja, kwa mita za mraba. Mwenye kupangisha ana kodi nyingine tena, ile ya mapato ya pango. Wengi huzichanganya kodi hizi mbili: hulipa moja, wakajiona wamemaliza, kumbe nyingine inaota mizizi.

Mwaka 2009 iliundwa Ofisi ya Mapato ya Burundi, yaani OBR. Sheria za taratibu za kodi zimeipa ofisi hiyo nguvu ya kumkumbusha mdaiwa, kumtoza faini na riba ya kuchelewa, kushika fedha zake zilizoko benki, na mwisho kushika mali yake na kuinadi hadharani. Katika sheria tulizorithi, Hazina ya Serikali husimama mbele ya wadai wengine wengi. Fedha za mnada zikipatikana, Hazina haingoji nyuma ya mlango.

Yafaa hapa tulitenge jambo moja ili lisichanganywe. Burundi haina soko la kuuza madeni ya kodi kwa watu binafsi. Serikali hudai deni lake yenyewe. Kwa hiyo mtu yeyote atakayekujia Buyenzi, Kamenge au Kanyosha akakwambia, "Nipe fedha nikununulie deni la kodi la nyumba fulani, mwenyewe akishindwa nyumba ni yako," huyo hana soko analolitumikia. Mwombe akuonyeshe sheria inayomruhusu, nawe utaona jinsi atakavyokumbuka ghafla kwamba ana safari.

BIASHARA YA MADENI HUKO MAREKANI

Sasa tuitazame biashara yenyewe mahali inakofanyika. Marekani kodi ya nyumba hukusanywa na wilaya na miji, na kwayo hulipwa walimu, polisi na wazima moto. Mwenye nyumba asipolipa, wilaya hubaki na pengo. Ili kuliziba, majimbo yamechagua njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kuuza hati ya deni. Mnunuzi humlipa mtoza kodi deni la mwenye nyumba, naye hupewa hati inayomruhusu kulipwa fedha zake pamoja na riba, mwenye nyumba atakapolikomboa deni lake. Hajanunua nyumba, amenunua haki ya kulipwa, na nyumba imekuwa dhamana. Katika jimbo la Florida riba huanzia asilimia 18 kwa mwaka, na wanunuzi hushindana kwa kuishusha: anayekubali riba ndogo kabisa ndiye mshindi. Hapo ndipo watangazaji huficha nusu ya habari. Hutaja ile 18, lakini hawasemi kwamba mnadani huketi mabenki na makampuni yenye mashine za kuhesabu, ambayo huishusha riba hadi ikawa ndogo mno. Hati ya dola 1,000 kwa asilimia 18 ingeleta dola 180 kwa mwaka. Kwa asilimia 5 huleta dola 50 tu. Tena mwenye hati hawezi kuomba nyumba inadiwe kabla ya takriban miaka 2, na hati isiyoshughulikiwa hufa baada ya miaka 7.

Njia ya pili ni kuuza nyumba yenyewe. Deni likikaa muda uliowekwa bila kukombolewa, wilaya huinadi nyumba, na mshindi hupewa hati ya umiliki. Bei yaweza kuwa ndogo, na hiyo ndiyo inayowavuta watu. Lakini mnunuzi wa mbali haoni paa lililobomoka, haoni mpangaji aliyekataa kutoka, wala haoni faini za mji kwa nyasi ndefu na takataka. Hununua kwa picha, akalipa kwa machozi. Hati anayopewa nayo mara nyingi huhitaji kesi ya mahakama ya kuisafisha kabla benki au mnunuzi mwingine hajaiamini.

Na wale ambao dini yao inawakataza riba wajue mapema kwamba faida ya njia ya kwanza ni riba tupu, wala haina jina jingine.

BIBI WA MIAKA 94

Kuna kesi moja ambayo kila mwenye nyumba angefaa kuijua, awe wa Minneapolis au wa Bujumbura. Bibi Geraldine Tyler alinunua makao yake katika jengo la ghorofa mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwaka 1999. Mwaka 2010 alihamia mahali pa wazee. Baada ya kuhama, kodi ya yale makao ya zamani haikulipwa. Deni lenyewe lilifika kama dola 2,300. Faini, riba na gharama ziliongezwa kiasi cha dola 13,000, jumla ikawa kama dola 15,000. Wilaya ya Hennepin ikachukua makao hayo, ikayauza kwa dola 40,000. Ikajilipa deni lake, kisha dola 25,000 zilizobaki ikazitia mfukoni mwake nazo pia. Sheria ya jimbo iliruhusu hivyo.

Bibi huyo alishitaki. Tarehe 25 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 94, Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba serikali ina haki ya kuchukua kile inachodai, lakini ziada ni mali ya mwenyewe, na kuichukua bila fidia ni kinyume cha Katiba.

Kesi hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la serikali zote: mwenye kudai 15 asichukue 40. La pili ni letu sisi wenye nyumba. Ushindi wa bibi ulikuwa mkubwa, lakini makao hayakurudi. Lililopotea kwa dola 2,300 halikurejeshwa kwa hukumu ya majaji 9. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye aliyekawia kuuziba alikuta ukuta wenyewe umeuzwa.

JE, TUNUNUE NYUMBA YA MNADA?

Msomaji ataniuliza: Ikiwa nyumba imenadiwa hapa hapa kwetu, kwa amri ya mahakama au ya ofisi ya kodi, kwa nini nisiinunue mimi badala ya tajiri mwingine? Jibu langu ni kwamba si haramu wala si aibu. Mnada wa hadhara uliofuata sheria ni soko kama masoko mengine. Lakini hesabu yake ifanywe yote.

Tuchukue mfano wa kubuni, usio wa mtu yeyote. Koplo mmoja anaona nyumba inanadiwa kwa faranga milioni 30, na jirani zake wanasema bei yake ya kweli ni milioni 38. Anajipongeza kuwa ameokoa milioni 8. Baadaye anagundua kodi ya miaka 12 haikulipwa, faranga 60,000 kila mwaka, yaani 720,000, na faini na riba zimefikia kiasi hicho hicho, jumla 1,440,000. Kupima upya mipaka na kutafuta nakala za hati, 900,000. Wakili wa kumtoa mtu aliyemo ndani, 2,000,000. Kesi inachukua miaka 2, na muda wote huo koplo anaendelea kupanga nyumba nyingine kwa 150,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000. Ukijumlisha yote ni 7,940,000. Zile milioni 8 zimebaki faranga 60,000, na nywele zake zimeota mvi.

Kwa hiyo kabla ya kuinua mkono mnadani, au kabla ya kununua kiwanja chochote kwa mtu, jiulize maswali haya manne.

Kwanza, hati ni ya nani? Kwa kiwanja chenye hati miliki, nenda mwenyewe kwa Msajili wa Hati za Ardhi. Usitosheke na nakala iliyokunjwa mfukoni mwa dalali. Kwa ardhi yenye cheti cha komini, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011, nenda kwenye ofisi ya ardhi ya komini inayohusika.

Pili, ina madeni gani? Uliza juu ya rehani ya benki, na uliza juu ya kodi. Ofisi ya Mapato hutoa cheti cha kutodaiwa kodi. Muuzaji aliye mkweli hatachukia ukimwomba cheti hicho. Anayechukia amekwisha kukujibu. Mkikubaliana kwamba deni litalipwa kutokana na bei, liandikwe ndani ya mkataba, na fedha hizo zilipwe ofisini, zisipite mkononi mwa muuzaji.

Tatu, ni nani yumo ndani? Tembelea nyumba mchana na jioni. Zungumza na majirani kwa adabu. Mjane mwenye watoto, ndugu wasiogawana urithi, mpangaji mwenye mkataba: hawa hawaandikwi katika tangazo la mnada, lakini ndio utakaokutana nao siku ya kufungua mlango.

Nne, je, kuna dai la zamani? Sisi Warundi twalijua jambo hili kwa uchungu. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, ndugu zetu waliokimbia nchi mwaka 1972 walirudi wakikuta ardhi zao zina wenyewe wengine, baadhi yao wakiwa na karatasi za serikali. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya migogoro hiyo, na mahakama maalum ikafuata mwaka 2014. Wapo walionunua kwa nia njema, nao wakajikuta mbele ya hakimu. Muhuri wa serikali ni kitu kikubwa, lakini haufuti historia ya shamba.

Na liko swali la tano, ambalo halimo katika sheria bali katika utu. Ikiwa nyumba inayonadiwa ni ya mwenzako wa kambi, au ya mjane wa mwenzako, ulijaribu kumwonya kabla ya siku ya mnada? Deni la faranga laki chache mara nyingi laweza kulipwa na kikundi cha akiba kwa mkopo mdogo, na nyumba ikaokoka. Kumwokoa mwenzio kabla ya mnada ni bora kuliko kumhurumia baada yake.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa nawageukia mabibi wa nyumba, wake kwa waume, kwa maana ulinzi wa kwanza wa nyumba hauko mahakamani, uko kabatini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tafuta jalada moja la karatasi gumu, au kopo la bati lenye kifuniko kwa ajili ya mchwa na unyevu. Ndani yake weka nakala ya hati, ramani ya kiwanja, mkataba wa ununuzi, na stakabadhi za kodi za kila mwaka zikifuatana kwa tarehe. Hati yenyewe ya asili ihifadhiwe mahali salama zaidi. Stakabadhi usiitupe kwa kuwa ni ya zamani. Siku ya kudaiwa, ile ya zamani ndiyo wakili wako.

Bwana na bibi wote wawili wajue jalada liko wapi. Askari anaondoka kwa ujumbe wa mwaka mzima, barua ya kodi inafika, bibi hajui ni ya nini, anaiweka chini ya godoro akimngoja mumewe. Faini haimngoji mumewe. Kabla ya safari, mwenye jina katika hati aandike wakala halali kwa mwenzake au kwa ndugu mwaminifu, ili aweze kulipa na kupokea barua kwa niaba yake. Na posho ya kwanza ya safari itengewe kodi ya mwaka huo kabla ya mabati mapya.

Kama kodi ya mwaka mzima ni nzito kwa mkupuo, igawe kwa 12. Kodi ya 60,000 ni 5,000 kwa mwezi. Iweke katika bahasha yake, isikopwe na bahasha ya chakula. Tarehe ya mwisho ya kulipa iandikwe katika kalenda ya ukutani, mahali ambapo hata watoto wataiona.

Kama deni limekwisha kulundikana, usijifiche. Nenda ofisini na stakabadhi ulizonazo, omba hesabu kwa maandishi, uikague mwaka baada ya mwaka, kisha uombe kulipa kwa awamu. Ukiona kosa katika hesabu, pinga kwa barua ndani ya muda uliowekwa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa hiyo hunywewa kwa kipimo ukiiwahi mapema.

Na nyumba ya urithi isiachwe bila mlipaji. Ndugu watano wakimiliki pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake amelipa. Mchagueni mmoja awe mweka daftari, nanyi mumchangie kwa wakati.

Ndugu msomaji, akiba iliyo karibu kuliko zote ni ile isiyohitaji safari ya Florida wala hati ya mtu usiyemjua. Ni kulipa kodi ya nyumba yako mwenyewe kwa wakati. Haileti asilimia 18, haitangazwi na mtu yeyote, wala haimfanyi mtu tajiri. Lakini inalinda asilimia 100 ya ile nyumba uliyoijenga kwa posho ya Mogadishu, ambayo watoto wako wanalala ndani yake usiku huu.

Hadi wiki ijayo, fungueni kabati, mlitazame jalada. Nawatakia nyumba zenye amani.